Amtakaye Chiriku Atazame Mti

Mwaka 1251 mtawa Matthew Paris wa St Albans, Uingereza, aliandika habari za ndege wageni walioingia mashamba ya matufaha. Ncha za midomo yao zilipishana. Walipasua matunda, wakala mbegu, wakaacha nyama yake. Walikuwa chiriku wa misitu ya misonobari ya kaskazini, na kwa karne nyingi ujio wao ulibaki fumbo, kwa kuwa hawafuati kalenda. Mbayuwayu atokaye Ulaya hufika Afrika Mashariki kila mwaka; chiriku hawa hufurika kusini mwaka mmoja, kisha hupita miaka wasionekane. Historia ya kuwafuatilia inaonyesha kwamba fumbo hilo lilifumbuliwa pale watu walipoacha kumtazama ndege peke yake, wakautazama na mti unaomlisha.

Pete zilisaidia sana. Mwaka 1899 mwalimu Hans Christian Mortensen wa Viborg, Denmark, alianza kuwavisha ndege pete za alumini zenye namba na anwani, na tangu hapo safari ya ndege mmoja mmoja ikaweza kujulikana. Lakini pete hutaja ndege alikotoka na alikofika; kilichomwondoa haikitaji. Kwa hilo zilihitajika hesabu za eneo kubwa na za miaka mingi. Hesabu ya ndege ya Krismasi, iliyoanzishwa na Frank Chapman huko Amerika Kaskazini mwaka 1900, iliwawezesha Carl Bock na Larry Lepthien kuonyesha mwaka 1976 kwamba spishi kadhaa zinazokula mbegu za miti huhama pamoja, mbegu zinapokosekana katika eneo pana. Katika jimbo la Ontario, Kanada, Ron Pittaway akageuza maarifa hayo kuwa utabiri tangu 1999: alikusanya taarifa za koni za misonobari na mbegu za miti mingine kabla ya baridi, akaeleza ni ndege gani watashuka.

Wapo wasemao kinachowafukuza ni baridi. Hoja hiyo haisimami, maana koni zikijaa, chiriku wenye midomo iliyopishana hutaga na kulea makinda katikati ya theluji. Wengine hawaamini hesabu kama ile ya Krismasi, kwa kuwa hufanywa na raia wa kawaida, na wahesabuji wakiongezeka na ndege huonekana wengi. Hili ni kweli, na ndiyo sababu idadi hulinganishwa na saa zilizotumika kuhesabu. Tyler Hoar, aliyeupokea utabiri wa Pittaway mwaka 2020, naye bado anaujenga juu ya taarifa za watu wanaokagua miti ya maeneo yao.