Njia ya Reli na Kadi Zilizosahauliwa

Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, ndiyo iliyoamua viwanda vikae wapi. Maghala yakajipanga kando ya njia za treni, na wafanyakazi wakajengewa mitaa ya mashariki: Makongeni ya watu wa reli, na Kaloleni katika miaka ya 1940. Nimetembea njia ya wafanyakazi hao, kutoka Barabara ya Enterprise hadi ya Jogoo, nikiufuata mzigo wa siku hizi: kompyuta za mtumba.

Mashine hizi huchakazwa na ofisi za ng'ambo, zikapakiwa kwenye kontena, zikashuka Mombasa. Baadhi ya mafundi huziwekea mfumo endeshi wa Linux, kwa kuwa haudai ada ya leseni wala hauzielemei. Taabu ipo kwenye kadi ya picha.

Katika kibanda kimoja nilikuta fundi ameinamia mashine yenye GeForce 8400 GS, kadi ya kampuni ya NVIDIA ya mwaka 2007. Mwenye mashine alikuwa amesasisha mfumo. Alipoiwasha tena, skrini nyeusi, kistari kinapepesa pembeni. Fundi akabonyeza Ctrl, Alt na F3, akaingia kwa maandishi matupu. Keneli, yaani kiini cha mfumo, ilikuwa mpya; draiva ya NVIDIA, programu inayoiendesha kadi, ilikuwa ya zamani, na hizo mbili hazikuelewana.

Ugomvi huu una umri. Linus Torvalds alianza Linux mwaka 1991 na kuiacha wazi kwa kila mtu. NVIDIA ikaficha siri za kadi zake. Mshindani wake, AMD, alianza kutoa nyaraka za kadi zake mwaka 2007. Mwaka 2012, katika Chuo Kikuu cha Aalto, Finland, Torvalds aliitukana NVIDIA hadharani, kidole juu. Ilipofika Mei 2022 ndipo kampuni hiyo ikafungua sehemu ya draiva yake, tena kwa kadi za kuanzia kizazi cha Turing cha 2018 pekee. Hiyo 8400 haimo. Draiva yake ya mwisho, ya mfululizo wa 340, ilitoka Desemba 2019, ikaachwa hapo. Kwangu mimi huko ni kuwatelekeza wateja, hasa wa mkono wa pili.

Fundi akaing'oa draiva hiyo, akarudisha nouveau, draiva ya wajitolea walioichunguza kadi bila msaada wa kampuni iliyoitengeneza. Picha ikarudi. Michezo mizito, sahau.

Basi ukienda kununua mtumba, uliza kadi kabla ya bei. Za Intel na AMD, draiva zake zimo ndani ya keneli yenyewe. Ukiambiwa ni NVIDIA kuukuu, punguza bei au ondoka.