Sanamu Iliyotembea Rujewa

Katika majaruba ya Rujewa, wilayani Mbarali, mpunga unapoanza kutoa masuke wakulima husimamisha sanamu za kufukuzia ndege: miti miwili iliyofungwa msalaba, majani makavu, koti kuukuu na kofia. Utotoni nilisimuliwa juu ya sanamu moja iliyotembea. Mama mmoja aliyewahi shambani kabla ya jua kuchomoza aliiona ikiinua mkono, kisha ikashuka tutani na kumfuata. Mama yule alikimbia hadi barabara kuu. Tangu hapo sisi watoto hatukuipita njia ile giza likianza kuingia.

Kazi ya kufundisha historia imenizoeza kutokuishia kwenye swali la iwapo hadithi ya namna hii ni kweli. Swali lenye manufaa zaidi ni hili: waliokuwa wakiisimulia waliogopa nini?

Tuanze na ndege. Kwelea kwelea mmoja ana uzito wa gramu 20 hivi, na kwa siku hula nafaka ipatayo gramu 10. Mmoja si kitu. Kundi la milioni moja humaliza tani 10 kwa siku, na hupenda zaidi punje zikiwa bado na maziwa. Sanamu huwatisha kwa muda mfupi tu. Wakishagundua kwamba haisogei, hutua hata begani mwake. Kwa hiyo kuamia ndege kulibaki kuwa kazi ya binadamu: kusimama kichanjani tangu alfajiri hadi magharibi, kwa kombeo, debe na sauti.

Kazi hiyo ilikua pamoja na mpunga wenyewe. Wakati wa utawala wa Waingereza, wahamiaji wa Kibulushi walisaidia kueneza kilimo cha mpunga wa mifereji katika bonde la Usangu. Miaka ya 1970 serikali ikaanzisha shamba kubwa la Mbarali kwa msaada wa China. Kila jaruba lililoongezeka lilidai mtu wa kulilinda.

Sasa tuiweke hadithi ya sanamu kando ya nyingine ambayo kila Mtanzania anaijua, ya msukule. Husemwa kwamba mtu huonekana amekufa, ndugu hulia na kuzika, kumbe walichozika ni mgomba. Marehemu yuko mahali fulani, hana kauli, akilima usiku shamba la tajiri. Hadithi hizi mbili ni pande mbili za kitu kimoja. Katika ya kwanza, sanamu hugeuka mtu. Katika ya pili, mtu hugeuzwa sanamu.

Wazee wa Nyanda za Juu Kusini hawakuhitaji mchawi ili kumfahamu mtu wa aina hiyo. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda ofisi ya kuajiri vibarua, iliyojulikana kwa jina la SILABU, na vijana wengi wa nyanda hizi wakasafirishwa kwenda kukata mkonge mbali na kwao. Waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba. Wapo waliorudi, na wapo ambao habari zao zilikatika kabisa. Sisemi kwamba imani ya msukule ilizaliwa huko. Ninachosema ni kwamba mama aliyempoteza mwanawe kwa njia hiyo alikuwa na sababu ya kuiamini.

Narudi Rujewa. Miaka mingi baadaye, mtu mzima mmoja wa rika langu aliniambia kwamba sanamu ile ilikuwa yeye. Alikuwa na miaka 10. Alikuwa ameletwa kutoka kijiji cha milimani kuja kuamia ndege katika shamba la mtu, na alilala hukohuko shambani. Alfajiri ya mwezi wa Mei baridi ilimzidi, akaivua sanamu koti lake akalivaa. Alipomwona yule mama aliinua mkono ili amwombe moto. Mama alipokimbia, naye alimfuata. Hakuna aliyerudi kumtazama. Sisi wenzake tulibaki na hadithi ya kutisha. Yeye alibaki na koti, na msimu ule hakuiona shule.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, tena isiyomdhuru mtoto wala kumzuia kwenda shule. Kusimama juani kutwa nzima mpunga unapokomaa si kazi hiyo. Hata hivyo nisimlaumu mkulima mdogo peke yake. Ndege wakimshinda, mavuno yamekwenda na deni la mbolea limebaki. Vita dhidi ya kwelea kwelea ni ya kijiji kizima, na ujira wa mtu mzima wa kuamia ndege uhesabiwe mapema katika gharama za msimu, kama inavyohesabiwa mbegu.

Na walimu wa Usangu wakiona katika daftari la mahudhurio nafasi tupu za Aprili na Mei, watoke waende majarubani. Sanamu itakayoinua mkono, wasiikimbie. Waiulize jina lake.