Toba si machozi, ni safari ya kurudi

NAANDIKA kitabu kuhusu toba ya Kikristo, na sura nzima ya kwanza imemezwa na neno lenyewe. Msinicheke. Neno hili liliwahi kuitikisa Ulaya nzima.

Agano Jipya liliandikwa kwa Kigiriki, na humo toba ni metanoia, yaani kugeuza nia. Biblia ya Kilatini iliyotegemewa na kanisa la Magharibi kwa zaidi ya miaka 1,000 ikasema paenitentiam agite, maneno ambayo wengi waliyaelewa kuwa ‘timizeni malipizi’. Basi toba ikawa kitu cha kuhesabika: sala kadhaa, mifungo kadhaa na hatimaye vyeti vya rehema vilivyouzwa kwa pesa.

Mnamo 1516, Erasmus alichapisha Agano Jipya la Kigiriki mjini Basel. Mwaka uliofuata, Martin Luther akaandika hoja zake 95 kule Wittenberg. Ya kwanza yasemaje? Kwamba Kristo alitaka maisha yote ya waumini yawe toba. Ya pili yakataa neno hilo lisifungiwe ndani ya sakramenti inayosimamiwa na mapadri. Naam, ugomvi ulianzia kwenye maana ya neno.

Na sisi je? Toba na kutubu tumeyapata kwa Kiarabu, ambako mzizi wake ni kurejea. Waislamu wa pwani walikuwa wakitubu karne nyingi kabla ya Krapf kutia nanga Mombasa mwaka wa 1844. Wakristo walilikuta neno tayari, wakalitumia. Nalo linaafikiana vyema na shuv ya Kiebrania, yenye maana iyo hiyo ya kurudi.

Lakini anayerudi, arudi mikono mitupu? Uamsho wa Afrika Mashariki uliochipuka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ulipoenea Uganda na Kenya, waliookoka hawakuishia kuungama hadharani. Wengi walirudisha walichoiba na kulipa madeni waliyoyakana.

Siku hizi utamsikia mheshimiwa akisema, “Kama kuna niliyemkosea, anisamehe,” na shamba alilonyakua bado ni lake! Hayo hata majuto hayajafika, sembuse toba. Kiswahili kimeshatuambia la kufanya: aliyetubu amerudi, na alichochukua kimerudi naye.