Mzigo, Abiria na Springi: Historia ya Kulainisha Mwendo wa Pikapu

Pikapu, yaani gari dogo la mizigo lenye chumba cha dereva mbele na bodi iliyo wazi nyuma, ilirithi springi zake kutoka kwa magari ya kukokotwa na farasi. Mwaka 1804 Obadiah Elliott, mtengenezaji wa magari hayo mjini London, alipata hataza, ambayo ni haki ya kisheria ya mvumbuzi, kwa springi iliyoundwa kwa mabapa ya feleji yaliyopindwa na kupangwa moja juu ya jingine, refu likiwa na ncha zilizoshikizwa na mafupi yakilitegemeza. Gurudumu linapopanda jiwe, mabapa hunyooka na kusuguana, na msuguano huo humeza sehemu ya nguvu ya mshtuko. Kabla ya kuenea kwa shokamzoba, kifaa ambacho siku hizi huwa na mafuta ndani na kazi yake ni kutuliza mruko wa springi, msuguano wa mabapa ulikuwa ndio mtulizaji pekee katika magari mengi. Lakini mabapa yanapoingia kutu na vumbi hushikana, na hapo hata kijiwe kidogo hupeleka kishindo chake moja kwa moja kwenye chasisi. Kwa sababu hiyo kusafisha mabapa na kuyapaka grisi ndiyo njia ya kale zaidi ya kulainisha mwendo, nayo haijapoteza thamani yake.

Ugumu wa pikapu, hata hivyo, haukutokana na uchakavu peke yake, bali ulikusudiwa tangu mwanzo. Ford ilipotoa Model T yenye bodi ya pikapu mwaka 1925, kwa bei ya dola 281, iliipa springi za nyuma zenye nguvu kuliko za gari la kawaida, kwa kuwa springi hupimwa kwa mzigo mkubwa kabisa unaotazamiwa, na gari linaporudi tupu springi hiyohiyo haioni uzito wa kuikunja. Kanuni ya ufundi inaonyesha jinsi nafasi ya kuchagua ilivyo finyu: bapa likirefushwa mara mbili, ugumu wake hushuka hadi sehemu moja ya nane, na unene ukizidishwa mara mbili, ugumu hupanda mara nane. Springi ndefu yenye mabapa membamba kwa hiyo ndiyo inayofaa zaidi, ila urefu huhitaji nafasi chini ya bodi, nayo si nyingi. Wahandisi wengine waliongeza springi saidizi, ambayo haiguswi mpaka mzigo uishushe bodi juu yake, na hii ilikuwa, kwa haki kabisa, suluhisho la busara kuliko yote ya zama zile, kwa maana lilikubali kwamba pikapu ni magari mawili katika chasisi moja.

Marekani ilijaribu kwenda mbali zaidi mwaka 1960, Chevrolet ilipoyapa magurudumu ya mbele ya pikapu zake uhuru wa kupanda na kushuka kila moja peke yake, na kuweka nyuma ya pikapu zake nyepesi springi za kujiviringa badala ya mabapa. Ford ilifuata mwaka 1965 kwa mihimili miwili ya mbele iliyotenganishwa. Lakini mwaka 1973 Chevrolet iliyarudisha mabapa nyuma.

Afrika Mashariki historia hii ina upande ambao vitabu vya magari huupita haraka. Land Rover, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1948, ilibeba mabapa mbele na nyuma hadi ilipokuja One Ten yenye springi za kujiviringa mwaka 1983, na Peugeot 504 ya pikapu ilikuwa na springi laini mbele huku nyuma ikibaki na mabapa. Baada ya amri ya Rais Jomo Kenyatta ya mwaka 1973 kuruhusu matatu kufanya kazi bila leseni ya magari ya abiria, pikapu zilizofunikwa na kuwekewa mabenchi zilisafirisha watu wengi nchini Kenya, na walioketi juu ya ekseli ya nyuma, pale springi zilipokuwa ngumu kuliko popote, walikuwa abiria, wala si dereva. Ulaini wa springi za mbele haukuwafikia, na katika barabara za vumbi zenye mikunjo midogomidogo mfululizo, adhabu ya mitikisiko ilikuwa yao. Ni dosari ya historia ya ufundi kuandikwa kana kwamba faraja hupimwa kwenye kiti cha mbele.

Mbinu ya kuondoa bapa moja au mawili hulegeza springi, lakini mabapa yaliyobaki hubebeshwa mkazo mkubwa zaidi na huvunjika mapema, na gari likijazwa, ekseli hugonga chasisi. Fundi makini huanza kwingine: hupunguza upepo wa matairi kulingana na uzito halisi, hubadilisha bushi, yaani mikono ya mpira inayozunguka pini za springi, na kuweka shokamzoba mpya, ndipo hufungua mabapa yenyewe ayasafishe na kuyapaka grisi.