Mahali pa Kuweka Zana

Mafundi vijana hunilalamikia kwamba karakana zao za nyumbani hazina nafasi. Fundi wa Mugumu au Sirari akishanunua mashine ya kuranda, ya kutoboa na ya kukatia vyuma, huliona banda lake limejaa kabla hajaingiza ubao hata mmoja. Mimi niliyepita miaka 70 huyaona malalamiko hayo kuwa jambo jipya katika historia ya sehemu zetu hizi za Tarime na Serengeti. Wazee wetu hawakukosa mahali pa kuweka zana, walikosa zana.

Hapo kale chuma kilikuwa na wenyewe. Kwa jirani zetu Wazanaki, wahunzi walikuwa kundi la peke yao, Abaturi, na hawakuoana na Ababiru, yaani wakulima. Mivukuto na fuawe vilikaa kwa mhunzi. Mtu wa kawaida alikuwa na jembe, shoka, kisu na mkuki, basi. Vitu hivyo vilichomekwa kwenye nyasi za paa kwa ndani, juu ya moto wa kupikia, na moshi uliikausha mipini na kuwafukuza wadudu wanaotoboa miti. Sijaona hata leo kabati linalotunza mpini vizuri kuliko paa lile.

Plau ilipoenea wakati wa Waingereza, kaya nyingi zilipata kwa mara ya kwanza chombo kisichoweza kuchomekwa paani. Iliegemezwa ukutani, karibu na zizi, lakini mnyororo wake ulilala ndani pamoja na wenye nyumba. Kila mtu alijua sababu.

Shule ndizo zilizotufundisha kwamba zana zinaweza kuwa na chumba chao. Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, kazi za mikono zilipewa heshima mpya. Katika shule niliyoanzia kazi palikuwa na chumba cha ufundi, na ukutani ubao mpana wenye misumari. Nyuma ya kila chombo palichorwa umbo lake kwa rangi nyeusi: randa, patasi, kekee, nyundo, msumeno. Kengele ikilia, mwalimu hakuwa na haja ya kuhesabu. Alitazama ukuta tu, na umbo jeusi lisilo na chombo lilimweleza ni nini hakijarudi. Hakuna mtoto aliyetoka mpaka kipatikane.

Halafu likaja Azimio la Musoma, Novemba 1974, lililotaka kila mtoto wa umri wa kuanza shule awe ameandikishwa ifikapo mwaka 1977. Lilikuwa azimio jema, nami nililitumikia kwa moyo wote. Lakini watoto walikuja kwa mamia na madarasa hayakuwapo, ikabidi chumba cha ufundi kiwe darasa. Ubao uling'olewa, zana zikatiwa katika masanduku ya bati na kurundikwa ofisini nyuma ya mlango. Chombo kilicho chini ya sanduku hakishikwi. Msumeno ulipata kutu na tupa zikapotea moja moja. Watoto wengi walimaliza darasa la saba bila kushika randa, na naamini hasara hiyo tunailipa mpaka leo tunaponunua milango kutoka mbali ilhali mbao tunazo.

Baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 bidhaa ziliadimika. Majembe yalitengenezwa kwetu, UFI pale Ubungo, kiwanda kilichojengwa kwa msaada wa China. Lakini tupa au bisibisi ya kufaa ilikuwa adimu kama sabuni. Mwenye msumeno aliuficha chini ya kitanda, na kijiji kizima kilijua uko kwa nani. Milango ya biashara ilifunguliwa kuanzia miaka ya kati ya 1980, Mzee Mwinyi akaipanua, na ndipo zana zikaanza kuja, mpya na za mitumba, hata tukafika kwenye malalamiko ya leo.

Karakana yangu ina mita tatu kwa nne. Nimechora maumbo ukutani kama yale ya shule, kwa sababu vijana wa jirani huazima na mimi sina kumbukumbu ya zamani. Vitu vizito, jiliwa na chuma cha kufulia, viko chini karibu na mlango. Misumari imo katika makopo yaliyotundikwa kwenye boriti, kwa maana nafasi ya juu ndiyo tunayoisahau tangu tulipoacha nyumba za nyasi.

Kijana mmoja anayetengeneza madirisha ameniomba upande mmoja wa ukuta kwa ajili ya mashine zake za umeme, kwani chumba alichopanga mjini hakifungi vizuri. Ili apate nafasi ni lazima kekee na randa tatu za mti zishuke. Mke wangu asema ziuzwe. Nimempa kijana ukuta wa dirishani, kwa sharti kwamba kila Jumamosi alete wenziwe wawili niwafundishe kunoa patasi, na randa nimezihamishia juu, kwenye boriti.