Ndege Wawindao na Nchi ya Karagwe

Mapenzi ya binadamu kwa ndege wawindao yamekuwa na sura tatu katika historia. Wako waliomfunga ndege mkononi. Wako waliomuua ili wapate kumhifadhi. Na wako waliomwachia anga wakamlindia nchi. Karagwe, ambayo mwaka 2012 iligawanywa ikazaa wilaya ya Kyerwa, ni mahali pafaapo kuzipima sura hizo.

Sura ya kwanza ilisitawi mbali na hapa. Mfalme Frederick II wa Ujerumani, aliyefariki mwaka 1250, alitunga kitabu kikubwa juu ya kuwinda kwa kozi. Arabuni ufundi huo ungali hai, na mwaka 2010 UNESCO iliuandika katika urithi wa wanadamu. Lakini tuangalie mfugaji anafundisha nini. Kozi ajitupapo juu ya mawindo aweza kupita mwendo wa kilomita 300 kwa saa, na mwendo huo hakufunzwa na mtu. Mfugaji humzoeza kurudi tu.

Katika karne ya 19 wafanyabiashara Waarabu walijenga kituo Kafuro, karibu na Bweranyange, makao ya Mukama Rumanyika, ambaye Speke na Grant walimkuta mwaka 1861. Wageni wale walifuata pembe za ndovu. Mukama naye alikuwa na fahari yake: ngoma, mikuki, makundi ya ng'ombe, na sanamu za ng'ombe zilizofuliwa kwa chuma.

Sura ya pili ilikuja na Emin Pasha, tabibu na mkusanyaji mashuhuri wa ndege, aliyepita Karagwe mwaka 1891 pamoja na Stuhlmann. Watu wa namna yake walipeleka ngozi za ndege katika majumba ya makumbusho ya Ulaya, na elimu ilipata faida kubwa. Hata hivyo, ngozi hueleza rangi ya manyoya na urefu wa bawa, kuruka haikuelezi.

Anayetaka kuruka hana budi kutazama juu. Kwazi hushuka kutoka mtini, akagusa maji kwa kucha tu, akainuka na samaki. Pungu, mwenye uso mwekundu na mkia mfupi mno, hupepesuka huku na huku kama mtu apimaye uzani. Tumbusi hupanda juu ya hewa ya moto bila kupiga bawa, akaona mzoga ulio mbali.

Sura ya tatu ni kuhifadhi makao yao. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Ibanda na Rumanyika yalifanywa hifadhi za taifa, Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe. Ni hatua njema, lakini haijatosha, kwa kuwa tumbusi hajui mpaka. Mfugaji aliyepoteza ndama akiutia mzoga sumu ili amuue fisi, tumbusi wengi hufa kwa mlo mmoja. Mwaka 2015 aina nne za tumbusi wa Afrika ziliingizwa katika daraja la walio ukingoni mwa kutoweka, na sumu ni sababu mojawapo kubwa.

Basi katika nchi hii ya ng'ombe, mlinzi wa kweli wa ndege hawa ni mchungaji. Asipotegemezwa anapopata hasara, hifadhi zitabaki na miti na mito, na anga tupu juu yake.