Opteron, Xeon na Hesabu ya Mnunuzi

Tarehe 22 Aprili 2003, jijini New York, kampuni ya AMD ilizindua prosesa ya seva iliyoonekana kushindwa kabla ya mbio kuanza. Wanunuzi wa zama hizo walizoea kupima chipu kwa gigahezi, na Opteron 244, ya juu kabisa kati ya zilizozinduliwa siku ile, ilikuwa na gigahezi 1.8 tu. Xeon ya Intel ilikuwa imeshafika 3.06. Hata hivyo, ilipofika 2006, AMD ilikuwa imeshika karibu robo ya soko la prosesa za seva za jamii ya x86, mahali ambapo miaka michache nyuma ilikuwa haitajwi.

Chanzo cha mafanikio hayo ni kumbukumbu. Prosesa ya biti 32 huweza kuhesabu anwani za kumbukumbu hadi gigabaiti 4. Intel ilikuwa na mbinu ya kuiwezesha mashine kubeba zaidi ya hapo, lakini kila programu ilibaki imefungiwa ndani ya ukomo uleule, na wenye kanzidata kubwa walikuwa wameanza kubanwa. Jibu la Intel, lililoandaliwa pamoja na HP tangu 1994, lilikuwa Itanium, prosesa ya biti 64 yenye lugha mpya kabisa ya maagizo. Ilitoka 2001 ikiwa imechelewa. Toleo la pili likafuata 2002, lile la juu likiuzwa zaidi ya dola 4,000, na bado programu za zamani zilikwenda humo kwa kujikokota. Mteja alikuwa anatakiwa aache karibu kila alichonacho, aanze upya.

AMD ilipita kwingine. Wahandisi wake waliichukua lugha ileile ya maagizo, x86, iliyokuwa ndani ya kompyuta tangu IBM PC ya 1981 wakairefusha hadi biti 64. Programu ya biti 32 ilikwenda ndani ya Opteron kwa kasi kamili, na siku mwenye nayo akiwa tayari kuhamia biti 64, mashine ilikuwa ileile. Ni vigumu kutaja uamuzi mwingine katika historia ya seva uliomjali mnunuzi kiasi hicho.

Lakini lugha ya maagizo peke yake isingetosha. Tofauti kubwa zaidi ilikuwa kwenye bodi mama, na inafaa kuitazama kwa karibu. Katika seva ya Xeon yenye prosesa mbili, zote mbili zilifika kwenye kumbukumbu kwa njia moja ya pamoja, yenye uwezo wa kupitisha gigabaiti 4.3 kwa sekunde. Ilikuwa kama bomba moja la mtaa: hata uongeze wachotaji, maji ni yaleyale, ila foleni inarefuka. AMD iliingiza kidhibiti cha kumbukumbu ndani ya prosesa yenyewe. Kila Opteron ilikuwa na kumbukumbu zake pembeni, ikizifikia kwa gigabaiti 5.3 kwa sekunde, na prosesa zenyewe ziliunganishwa kwa njia nyingine iliyoitwa HyperTransport. Ukiongeza prosesa ya pili, njia ya kumbukumbu nayo inaongezeka. Kwa hiyo gigahezi 3.06 za Xeon mara nyingi zilikuwa zinasubiri data, ilhali 1.8 za Opteron zilikuwa kazini. Halafu bei: 244 iliuzwa dola 794, na mdogo wake, 240, dola 283.

Intel ilikubali haraka. Februari 2004 ilitangaza kwamba Xeon nayo itapokea biti 64, kwa maagizo yanayolingana kwa sehemu kubwa na yale ya AMD. Itanium iliendelea kuuzwa kwa wateja wachache waliokwisha kujifunga nayo, na shehena za mwisho zikaondoka 2021.

Mwaka 2005 hesabu ya mnunuzi ilihama tena, safari hii kwenda kwenye bili ya umeme. Aprili AMD ilitoa Opteron yenye viini viwili, yaani vitengo viwili vya hesabu ndani ya prosesa moja, iliyokadiriwa kula wati 95. Oktoba Intel ikatoa Xeon yake ya viini viwili ya gigahezi 2.8, iliyokadiriwa wati 135, na viini vyote bado vikigombania ile njia ya pamoja. Kwa mwenye chumba cha seva mia, pengo hilo hulipiwa mara mbili: kwanza umeme wa seva, kisha umeme wa viyoyozi vya kuondoa joto lake. Hata Dell, iliyokuwa imesimama na Intel peke yake muda wote huo, iliuza seva za Opteron mwaka 2006.

Mwaka huohuo Intel ilizinduka. Xeon 5160 ya Juni 2006, iliyojengwa juu ya kazi ya timu yake ya Haifa nchini Israel, ilikwenda gigahezi 3.0 kwa wati 80. Machi 2009 ikaja Xeon 5500, ikiwa na kidhibiti cha kumbukumbu ndani yake na njia yake ya kuunganisha prosesa kwa prosesa. Mambo mawili yaliyoipa Opteron ushindi sasa yalikuwa mikononi mwa mshindani mwenye viwanda vikubwa zaidi. AMD ilikuwa imejikwaa 2007 kwa Opteron ya viini vinne iliyotoka na kasoro, na muundo wake wa 2011 ukawa dhaifu kwa kila kiini kimoja kimoja. Kompyuta kuu ya Jaguar huko Oak Ridge, Marekani, ilishika nafasi ya kwanza duniani Novemba 2009 ikiwa na Opteron tupu, lakini kwenye maduka ya seva za kawaida jina hilo lilikuwa linafifia.

Haki inataka isemwe kwamba ushindani haukuwa wa uhandisi peke yake. Novemba 2009 Intel ilikubali kuilipa AMD dola bilioni 1.25 kumaliza mashauri yao, yakiwamo ya kubana ushindani. Faini ya euro bilioni 1.06 ambayo Tume ya Ulaya iliitoza Intel mwaka huo ilibatilishwa na mahakama 2022.

Miaka ya ukimya ikafuata, na bei za Intel zinaonyesha jinsi ukimya unavyomgharimu mnunuzi. Kufikia Julai 2017 Xeon Platinum 8180, yenye viini 28, ilikuwa na bei rasmi ya dola 10,009. Aliyetaka chipu hiyohiyo iruhusiwe kubeba terabaiti 1.5 za kumbukumbu badala ya gigabaiti 768 aliongeza takriban dola 3,000. Mwezi mmoja kabla, AMD chini ya Lisa Su ilikuwa imeleta prosesa mpya ya seva, EPYC 7601: viini 32, kumbukumbu hadi terabaiti 2, dola 4,200. Xeon ilibaki mbele kwenye baadhi ya hesabu nzito za kisayansi. Ilibaki mbele pia kwenye kanzidata, kwa sababu EPYC ile ilikuwa vipande vinne vya silikoni ndani ya kasha moja, na data kutoka kipande hadi kipande ilichelewa. Agosti 2019 EPYC ya pili ilipunguza udhaifu huo na kufikisha viini 64 kwa dola 6,950.

Kwenye kompyuta za kazi nzito, zile za wachoraji wa filamu na wahandisi, mapambano yalikuwa ya wazi zaidi. Juni 2018, jijini Taipei, Intel ilionyesha prosesa ya viini 28 ikikimbia kwa gigahezi 5. Baadaye ikabainika kuwa ilikuwa ikipozwa kwa msaada wa mtambo wa kupoza maji. Kesho yake AMD ikaonyesha prosesa yake ya Threadripper ya viini 32 inayopozwa kwa feni. Novemba 2019 Intel iliuza prosesa yake ya viini 18 kwa dola 979, wakati ile iliyoitangulia ilikuwa dola 1,979. Teknolojia iliyokuwamo ilikuwa karibu ileile. Kilichobadilika ni kuwapo kwa mpinzani.

Tangu hapo swali la thamani limehamia mahali ambapo bei ya chipu ni sehemu ndogo tu ya gharama. Oracle huuza leseni ya kanzidata yake kubwa kwa bei rasmi ya dola 47,500, na kwa prosesa za x86 kila viini viwili huhitaji leseni moja. Chipu ya viini 64 hudai leseni 32, yaani dola milioni 1.52, kabla ya punguzo lolote. VMware nayo, baada ya viini 64 kuingia sokoni, ilitangaza Februari 2020 kwamba leseni moja ya prosesa ingetosha hadi viini 32 tu.

AMD ililiona hilo. Aprili 2020 ilitoa EPYC 7F32 yenye viini vinane tu, vya kasi kubwa na akiba kubwa ya kumbukumbu ya ndani, kwa dola 2,100. Kila kiini humo ni kama dola 262. Kwenye EPYC 7702P ya viini 64, iliyokuwa ikiuzwa dola 4,425, kiini kimoja ni dola 69. Kwa mwenye leseni za Oracle, ya kwanza ndiyo rahisi.